Siku ya Kuosha Kamba

Shangazi aliishika ile fomu kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali na uso wake, akaisogeza karibu, kisha mbali tena. Miwani yake ilikuwa inaning'inia kifuani kwa uzi mweusi, pale pale inaponing'inia siku zote. Ukumbi mzima ulikuwa ukimsubiri. Feni ya dari ilizunguka kwa mlio wa kukwaruza, na mimi, niliyekuwa nimekaa safu ya nyuma upande wa wafanyakazi wa kamati, nilikuwa naomba kimoyomoyo umeme ukatike.

"Mama, yaliyoandikwa humo ni kweli au si kweli?" mwenyekiti aliuliza. Aliuliza kwa upole. Hadi leo siwezi kumlaumu yule mwenyekiti.

Shangazi akairudisha fomu mezani, akainyoosha kwa kiganja kama anavyonyoosha kola ya shati.

"Nimesahau miwani nyumbani, mwanangu," akasema.

Watu wakacheka. Mmoja akamnyooshea kidole kifuani, "Si hiyo hapo, mama!" Yeye hakuangalia chini. Alinyanyua uso, akapitisha macho juu ya vichwa vya watu wote mpaka safu ya nyuma, akaniangalia mimi.

Ni miaka minne sasa. Bado ananiangalia.

*

Shangazi ni dobi. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, baba yangu, ambaye ni mdogo wake, alipofariki. Mtaani kwetu kulikuwa na familia kumi na mbili za madobi. Kila familia ilifulia kwenye ua wake, lakini wote tulianika mahali pamoja: kipande cha ardhi ng'ambo ya kijia, chenye mteremko kidogo, kinachopigwa na jua tangu asubuhi mpaka jua lizame. Hapakuwa na karatasi ya umiliki. Palikuwa na miaka arobaini ya kuanika.

Hatukutumia vibanio. Kila kamba ilikuwa kamba mbili zilizosokotwa pamoja. Unaipanua kwa kidole, unapenyeza pindo la nguo katikati, unaachia, na kamba yenyewe inaling'ata. Upepo upige utakavyo, nguo haianguki. Fundi wa kuzisokota alikuwa mzee mmoja mwembamba tuliyemwita Kamba Mbili, ambaye naye hakuwahi kumwita mtu kwa jina lake halisi. Shangazi alikuwa Bi Povu. Mimi nilikuwa Msomi, hata kabla sijajua kusoma.

Asubuhi za jua kali, shuka za hospitali, sare za shule na vitambaa vya meza vya hoteli vilijaa pale mpaka ng'ambo haikuonekana. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napita katikati ya safu za shuka kama mtu anayepita kwenye nyumba yenye vyumba vingi, kila chumba kikiwa na mwanga wake. Shangazi alikuwa ananisikia tu. "Mikono iko safi?" alikuwa akiuliza kutoka upande wa pili, na mimi nikiificha nyuma ingawa hakuwa ananiona.

Kazi yangu ilikuwa kuandika vitambulisho, vile vipande vidogo vya kitambaa vyenye jina la mteja, vinavyoshonwa kwenye pindo ili nguo zisichanganyike. Nilikuwa naandika K yenye mguu mrefu, unaoburuta mpaka chini ya herufi inayofuata. Shangazi aligombana na mguu ule miaka yote.

"Hiyo K yako inakwenda wapi? Imeacha nini huko?"

Nilimaliza shule, nikamaliza chuo, K ikabaki vile vile.

Kuna jambo moja zaidi la kuelewa. Kila juma, siku ya mapumziko, madobi walizitoa kamba zote na kuziloweka, kwa sababu kamba chafu inaacha mstari kwenye nguo safi, na nguo yenye mstari hairudi kwa mteja. Nguzo nazo zilichomolewa na kuegemezwa ukutani kwetu zikauke, mchwa wasizile. Mashimo yake yalifunikwa kwa mawe bapa ili watoto wasivunjike miguu. Siku hiyo moja, kama hukuwa mwenyeji, ungeapa kwamba pale hapajawahi kuwa na kitu.

Mimi nilikuwa mwenyeji.

*

Jiji letu lilipochaguliwa kuandaa michezo ile mikubwa, nilikuwa na miezi minne tangu nivue joho la mahafali. Watu walishangilia barabarani. Nilishangilia nao, na sitaki kujifanya leo kwamba nilikuwa na mashaka. Nilikuwa nimeandika tasnifu yangu juu ya miji na wakazi wake. Niliamini kwamba mambo mengi mabaya hutokea kwa sababu hakuna aliyejaza fomu vizuri. Kwa hiyo Kamati ya Maandalizi ilipotangaza nafasi za maofisa wa kuandikisha wakazi, niliona ni kazi iliyoumbwa kwa ajili yangu.

Shangazi alilipiga pasi shati langu la kwanza la kamati, la rangi ya samawati, lenye nembo ya mkimbiaji kifuani. Akalitundika mlangoni na kulitazama.

"Huyu anakimbia au anakimbizwa?" akauliza.

"Anakimbia, Shangazi. Anashinda."

"Haya."

Uwanja mkubwa ulipangwa kujengwa nyuma ya mtaa wetu, na kiwanja cha mazoezi, pale wanamichezo wanapopasha misuli moto kabla ya kuingia kushindana, kikaangukia palepale kwetu pa kuanikia. Nilipata habari hiyo kabla ya watu wengine, nikaomba ruhusa nikawaeleze mwenyewe. Waliketi kwenye ndoo zilizopinduliwa, uani kwetu. Nikasimama mbele yao na shati langu.

"Watakuja wanamichezo maelfu," nikasema. "Watalala wapi? Kwenye vitanda. Vitanda vitakuwa na shuka. Shuka hizo nani atazifua?"

Kamba Mbili akainua mkono kama mwanafunzi. "Mimi nimewaona kwenye televisheni, Msomi. Wale wanatoka jasho si mchezo. Tutahitaji sabuni ya kuongezea."

"Wewe utapewa soksi tu," jirani mmoja akamwambia, na watu wakaangua kicheko.

"Soksi za bingwa! Nitazianika mlangoni kwangu, zisirudi."

Shangazi peke yake hakucheka. Alikuwa anachambua maganda ya sabuni yaliyokauka kwenye vidole vyake.

"Na kuanika tutaanika wapi?"

"Kila mwenye shughuli atapewa mahali pengine," nikamjibu. "Ndiyo maana tunaandikisha. Fomu ikishaonyesha kwamba mnapatumia, lazima wawape pengine. Ni sheria."

"Fomu ikionyesha," akasema.

"Itaonyesha, Shangazi. Si niko mimi?"

Hayo ndiyo maneno yangu. Kama kuna kitu ningependa kukichukua na kukirudisha mdomoni, ni sentensi hiyo fupi.

*

Msimamizi wangu alikuwa mtu wa utaratibu, na nilimheshimu kwa hilo. Katika semina alituambia jambo moja, nikaliandika kwenye daftari na kulipigia mstari: "Andika unachokiona siku hiyo, si unachokijua." Alisema upendeleo huingilia hapo, kwenye kujua. Ofisa anamjua huyu, anamjua yule, mwisho kila binamu ana duka kwenye karatasi.

Ratiba ikatoka. Mtaa wetu ukapangiwa siku ya mapumziko, ili watu wakutwe nyumbani. Jina langu likaandikwa mbele ya jina la mtaa huo.

Nilifika asubuhi. Kiwanja kilikuwa kitupu, kimefagiliwa, mawe bapa yakiwa juu ya mashimo yake, yamepangika kama vigae vya njia isiyokwenda popote. Kutoka pale niliposimama nilikuwa nasikia sauti ya Kamba Mbili uani kwetu, akiwaambia wenzake kwamba kamba ni kama mke, ukimwosha mara moja kwa juma hakuaibishi mbele za watu. Nilimsikia Shangazi akimjibu kwamba ndiyo maana mke wake alikimbilia kwao. Walikuwa wanaosha kamba, hatua thelathini kutoka kwangu.

Niliisoma fomu. *Eleza kilichopo eneo hili.* Mstari mmoja.

Nilijua. Ningeweza kuvuka kijia, nikaomba wasimamishe nguzo mbili tu. Ningeweza kurudi kesho yake, jua likichomoza, nikute shuka mia zimetanda. Lakini nilikuwa nimevaa shati la watu wote, na nilijiona nikiandika kwa faida ya shangazi yangu, na mtu fulani asiyekuwepo akininong'oneza sikioni: umeanza na wako. Niliogopa sana kuwa mtu wa namna hiyo. Niliogopa kiasi kwamba sikuona kwamba haki na unyoofu wangu vilikuwa vimeachana njia, na nilikuwa nimechagua unyoofu.

Nikaandika: *Kiwanja kitupu. Hakuna kilichopo.*

Jioni nilimweleza msimamizi kwamba siku ile ilikuwa siku ya kuosha kamba, kwamba siku nyingine zote pale huwa pamejaa. Alinisikiliza vizuri. Akasema nimefanya sawasawa, nimefuata utaratibu, na kwamba mbele kuna hatua ya kuhakiki ambapo mambo kama hayo husahihishwa. Nikalala vizuri. Niliweza kulala, ndilo jambo linalonishangaza sasa.

*

Hatua ya kuhakiki ndiyo ilikuwa ule ukumbi wenye feni.

Majina ya waliopewa maeneo mapya yalibandikwa ukutani, na madobi hawakuwemo. Wakaandika pingamizi. Walimchagua Shangazi awasemee kwa sababu hana papara. Alieleza habari ya kamba, nguzo na mashimo. Alieleza ni kwa nini shuka ya hospitali haiwezi kuanikwa kivulini. Mwenyekiti akasikiliza, akafungua jalada, akatoa fomu.

"Mama, ofisa wetu alifika. Anasema hapakuwa na kitu. Hebu itazame mwenyewe."

Ndipo akaishika kwa ncha za vidole.

Baada ya lile jibu la miwani, mwenyekiti aliinua kichwa na kuangalia upande wetu. "Kama yupo mtu wa kamati aliyewahi kuziona hizo kamba," akasema, "aseme sasa, tusiwaonee watu."

Aliuliza waziwazi. Si kwamba sikupewa mlango.

Nilianza kunyanyuka. Nakumbuka magoti yangu yakianza. Msimamizi, aliyekaa kando yangu, hata hakugeuka. Aligusa tu mkono wangu kwa kalamu yake. "Tulia," akanong'ona. "Tutalimaliza ndani, bila kelele. Ukisimama hapa, fomu zako zote mia tatu zinakuwa na shaka. Wale waliopata nao watapoteza."

Huenda ilikuwa kweli. Nimeipima sentensi hiyo mara nyingi, na bado sijui. Ninachojua ni kwamba nilipoisikia nilifarijika. Magoti yalirudi mahali pake kabla hata sijaamua.

Mwenyekiti akalifunga jalada. Shangazi alikuwa bado ananiangalia. Kisha akaipandisha kanga yake begani, akasema, "Basi, asanteni," akatoka. Kamba Mbili alimfuata nyuma, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akipita mbele ya watu bila kusema neno.

*

Michezo ilifika, na ilikuwa mizuri. Lazima niseme hivyo pia. Barabara yetu iliwekwa lami, na hata leo ambulensi inafika mtaani bila kukwama. Taa ziliwekwa. Siku ya ufunguzi nilisimama langoni nikawaona watu wa mataifa mengi wakiingia na bendera zao, na nililia kwa furaha, machozi ya kweli. Binti wa jirani yetu, mwembamba kama ufagio, alianza kukimbia kila asubuhi kwa sababu aliwaona wanawake wale wakikimbia. Bado anakimbia. Sina haki ya kusema hakuna aliyepata kitu.

Shuka za wanamichezo zilifuliwa na kampuni iliyokuja na malori na mashine zake. Nilimkuta Kamba Mbili kwenye kijia akiyahesabu malori yakipita.

"Wageni wamekuja na dobi wao, binti," akaniambia. Aliniita binti, si Msomi. "Hata soksi moja."

Kwa siku kumi, wanamichezo walipasha misuli moto pale tulipokuwa tunaanika. Kisha wakaondoka. Lango likafungwa kwa mnyororo, likafunguliwa mara mbili tu tangu wakati huo, mara zote mbili kwa ajili ya hotuba. Nyasi za kiwanja cha mazoezi zilikauka, zikaota nyingine ndefu. Familia saba kati ya kumi na mbili ziliacha kufua. Kamba Mbili alihamia kwa bintiye, mbali. Kabla hajaondoka alileta kamba zake zote kwetu, zimekunjwa vizuri, safi kabisa, akaziweka kizingitini.

Ndani ya ofisi halikumalizwa lolote. Niliandika barua mbili. Msimamizi alipandishwa cheo, aliyekuja baada yake hakulijua jambo hilo, na kamati yenyewe ikavunjwa.

Na Shangazi hakusema kitu. Aliendelea kunipigia pasi mashati. Aliniuliza kama nimekula. Tulizungumza habari za kila kitu isipokuwa ukumbi ule, na kimya hicho kilikuwa kati yetu kama shuka iliyoanikwa: nilikuwa namsikia upande wa pili, lakini simwoni.

*

Juma lililopita nilikwenda kumtembelea. Nilimkuta kwenye uzio wa kiwanja, akianika. Siku hizi anaanika hapo, kwenye waya, mlinzi asipokuwepo, au akiwepo yule mwenye huruma. Waya umeanza kushika kutu. Alikuwa na shuka nyeupe mikononi, na kwenye pindo palikuwa na mistari mitatu ya rangi ya chai. Alikuwa anaisugua kwa ndimu na chumvi, polepole, kama mtu anayemsugua mgonjwa.

Shangazi yangu, ambaye miaka yote ile hakuwahi kurudisha nguo yenye doa.

Nilikuwa na karatasi mfukoni. Baraza la jiji limetangaza kwamba litasikiliza mapendekezo juu ya matumizi ya kiwanja kile, na mimi nilikuwa nimeandika ushahidi wangu, kurasa mbili, kwa mkono. Nilieleza kilichokuwepo pale. Nilieleza siku ya kuosha kamba. Niliandika kwamba ofisa aliyejaza fomu alijua ukweli, na nikaandika jina la ofisa huyo. Nilikuwa nimepanga namna ya kumwambia, lakini yote yalinitoka kwa mpigo mmoja.

"Shangazi, ile fomu niliandika mimi."

Hakuacha kusugua.

"Najua."

"Ulijuaje?"

"Nimeishona ile K kwenye mapindo ya watu miaka kumi, nisiijue?"

Upepo ukapiga, uzio ukatoa mlio mwembamba. Nilitaka anigombeze. Nilitaka anigombeze kama zamani, kwa sauti, majirani wasikie.

"Kwa nini hukusema pale ukumbini? Ungesema tu, huyo hapo, mwiteni. Pengine mngepewa mahali."

Sasa akaacha kusugua. Aliitazama shuka, si mimi.

"Nilikuwa nakuachia nafasi useme mwenyewe," akasema.

Hakuyasema kwa uchungu. Aliyasema kama mtu anayekueleza ni wapi aliuweka ufunguo, siku ile, ili uuone ukirudi.

Nikatoa karatasi zangu na kumpa. Akajipangusa mikono kwenye kanga, upande huu, kisha upande wa pili. Akainua miwani kutoka kifuani, akaivaa, akasoma. Alisoma taratibu, kurasa zote mbili, midomo ikichezacheza. Mwishoni alirudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole mahali fulani.

"Mguu huu bado hujaukata."

"Nimejaribu."

"Watakusikiliza?"

Zamani ningejibu upesi. Ningemwambia ni sheria. "Sijui, Shangazi. Kikao ni Alhamisi. Nitasimama na kusema, lakini sijui."

Akakunja karatasi mara mbili, kwa mikunjo iliyonyooka, akazisukuma ndani ya kifua cha gauni lake mahali anapoweka vitu visivyotakiwa kulowa. Kisha akavua miwani, ikaanguka mahali pake. Akaichovya ile shuka kwenye ndoo, akaitoa, akanirushia ncha moja.

"Shika huko."

Shuka haikamuliwi na mtu mmoja. Mmoja anasokota kulia, mwingine kushoto, mnarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka inakaza kama kamba. Nilishika. Mikono yake imepungua nguvu. Nilihisi hilo kupitia kitambaa, kutoka upande ule mwingine. Maji yalianza kuchuruzika kati yetu, meupe kwanza, kisha yakawa na rangi kidogo ya kutu.

Nikadhani tumemaliza, nikalegeza.

"Bado," Shangazi akasema. "Ina maji. Kaza."